Stephen Keshi: nahodha aliyepokea kombe bila kuanza fainali, kocha aliyejiuzulu siku moja baada ya kulitwaa

Wakuu, salaam.

Kila unapoanzishwa mjadala wa wachezaji waliogeuka makocha, majina yanayotangulia ni Cruyff, Guardiola, Zidane na Ancelotti, nami sina ugomvi nayo. Leo ningependa tumzungumzie mtu ambaye kazi yake ilipita karibu zaidi na kwetu, kiasi cha kufika Kigali na Kasarani, na ambaye kwa maoni yangu hakuuacha unahodha hata baada ya kutundika daluga: Stephen Okechukwu Keshi wa Nigeria. Uzi ni mrefu, kwa hiyo nitauleta kwa vipande, na maswali nitayajibu humu humu.

Keshi alizaliwa tarehe 23 Januari 1962 huko Azare, kaskazini mwa Nigeria, ingawa asili ya familia yake ni Illah, katika lile ambalo leo ni jimbo la Delta. Alisoma St Finbarr's College jijini Lagos, akaichezea klabu ya benki ya ACB, kisha akahamia Benin City kuichezea New Nigerian Bank. Zingatieni kwamba zote mbili zilikuwa timu za benki. Huo ulikuwa wakati ambapo mchezaji wa Afrika Magharibi, kama ilivyokuwa kwa wengi wa kwetu, aliajiriwa na taasisi kwanza na kucheza mpira baadaye, na mtu wa taasisi hakutarajiwa kubishana na wakubwa wake.

Keshi alibishana. Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa walifungiwa na chama cha soka cha Nigeria kwa kutoripoti kambini kwa wakati, jambo lililotokana kwa kiasi kikubwa na mvutano wa nani mwenye haki ya kwanza juu ya mchezaji, klabu inayomlipa au taifa linalomwita. Mwingine angeandika barua ya kuomba radhi na kusubiri hukumu iishe. Yeye alifunga virago akaenda Abidjan, akacheza Stade d'Abidjan, kisha Africa Sports, na kutoka hapo akavuka kwenda Ubelgiji kujiunga na Lokeren mwaka 1986. Mwaka uliofuata Anderlecht ilimchukua, akadumu nayo hadi 1991.

Kwa kijana wa leo aliyezoea kuona kila timu ya Afrika Magharibi imejaa wachezaji wa Ulaya, hatua hiyo inaweza kuonekana ya kawaida, lakini wakati ule haikuwa hivyo hata kidogo. Baada ya Keshi kutulia Ubelgiji, njia ikawa inajulikana: Samson Siasia akaenda Lokeren, Daniel Amokachi akaenda Club Brugge, Sunday Oliseh na Victor Ikpeba wakaenda Liège. Sisemi kwamba wote aliwashika mkono yeye, ila nasema kwamba kabla ya mtu kuipita njia mara ya pili, lazima awepo aliyefyeka nyasi mara ya kwanza. Na huyu alifyeka kwa sababu alifungiwa. Adhabu iliyokusudiwa kumnyamazisha ndiyo iliyomfanya awe mkubwa kuliko waliomwadhibu.

Akiwa Anderlecht alitwaa Kombe la Ubelgiji mwaka 1988 na 1989, akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1991, na katikati ya hayo akacheza fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1990 mjini Gothenburg, ambako Sampdoria iliwafunga 2-0 katika muda wa nyongeza kwa mabao mawili ya Gianluca Vialli. Kisha alikwenda Strasbourg ya Ufaransa, akarudi Ubelgiji kwa RWDM, na miaka ya mwisho akaimalizia Marekani na Malaysia. Miaka hiyo ya mwisho kwa mpira haina mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba Marekani, huko California, ndiko alikoanza kuusoma ukocha kwa utaratibu.

Tuje kwenye timu ya taifa, kwa sababu huko ndiko unahodha wake ulikoiva.

Alicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 1984 mjini Abidjan, Nigeria ikafungwa 3-1 na Cameroon. Mwaka 1988 mjini Casablanca wakafungwa tena na Cameroon hao hao, 1-0, kwa penalti ya Emmanuel Kundé, katika mchezo ambao hadi leo Wanigeria wa umri fulani hawakubali kwamba bao la Henry Nwosu lilistahili kukataliwa. Mtu aliyepoteza fainali mbili namna hiyo, tena kwa timu ile ile, ana haki ya kuamini kwamba kombe halikuandikwa kwa jina lake.

Mwaka 1994 nchini Tunisia, chini ya kocha Mholanzi Clemens Westerhof, kombe likaja. Zambia, ambayo ilikuwa imejenga kikosi upya kabisa baada ya kuwapoteza wachezaji wake katika ajali ya ndege karibu na pwani ya Gabon mwezi Aprili 1993, ilitangulia kufunga, kisha Emmanuel Amunike akafunga mawili na Nigeria ikashinda 2-1. Naomba jina la Amunike mliweke kando, tutalirudia. Keshi hakuwamo katika kikosi kilichoanza fainali hiyo na kitambaa uwanjani alikivaa Augustine Eguavoen, lakini kombe lilipoletwa, aliyelipokea kwa niaba ya wote alikuwa Keshi. Hakuna aliyehoji, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua ni nani aliyekuwa akizungumza na wakubwa kuhusu posho, tiketi na malazi kwa zaidi ya miaka kumi. Miezi michache baadaye Nigeria ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikaongoza kundi lenye Argentina na Bulgaria, na ikawa dakika mbili tu kuitoa Italia kabla Roberto Baggio hajasawazisha. Keshi alikuwa na miaka 32, na mashindano hayo aliyatazama zaidi akiwa benchi.

Naona tayari kuna mchangiaji ameuliza kwa nini naikokota habari ya posho na malazi wakati mada ni mpira. Mkuu, ni kwa sababu katika kazi yote ya ukocha wa Keshi, kila kilichomwinua na kila kilichomwangusha kilipitia mlango huo huo. Naomba uvumilivu.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya usaidizi. Mwaka 2001 aliingia katika benchi la ufundi la Nigeria chini ya Shuaibu Amodu, wakaiokoa safari ya kwenda Kombe la Dunia la 2002 iliyokuwa inaelekea kuharibika, kisha wakashika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali mwanzoni mwa 2002. Zawadi yao ilikuwa kuondolewa, benchi zima, miezi michache kabla ya safari ya Japani na Korea Kusini. Amodu alikuja kupatwa na jambo hilo hilo kwa mara ya pili: tarehe 14 Novemba 2009, hapo Kasarani, Nigeria ilitoka nyuma ikaifunga Kenya 3-2 huku Msumbiji ikiifunga Tunisia siku hiyo hiyo, na tiketi ya Afrika Kusini ikapatikana. Amodu akaenda Angola, akashika tena nafasi ya tatu barani, akaondolewa tena, na Kombe la Dunia la 2010 akapewa Lars Lagerbäck wa Sweden, ambaye alitoka katika makundi akiwa na pointi moja.

Kwa hiyo Keshi aliujua mchezo huo tangu akiwa msaidizi. Kocha mzawa hupewa panga afyeke njia, na siku ya harusi akapewa mgeni kiti cha mbele.

Mwaka 2004 Togo ikamwajiri. Nchi ndogo, isiyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia, ikapangwa kundi moja na Senegal iliyofika robo fainali ya dunia miaka miwili nyuma, pamoja na Zambia, Mali, Congo Brazzaville na Liberia. Walianza kwa kufungwa na Zambia, kisha wakaifunga Senegal 3-1 mjini Lomé, na kuanzia hapo hawakurudi nyuma. Emmanuel Adebayor, aliyekuwa bado kijana, alifunga mabao 11 katika safari hiyo. Siku ya mwisho, tarehe 8 Oktoba 2005, walikwenda Brazzaville, wakatanguliwa mara mbili, wakashinda 3-2. Nimewahi kusikia watu wakidai kwamba Togo ilibebwa na Adebayor peke yake, na jibu langu huwa ni kwamba Togo ilikuwa na Adebayor huyo huyo mwaka 2010 na 2014 na hatukuiona tena katika Kombe la Dunia.

Januari 2006 wakaenda Misri kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Keshi na Adebayor wakagombana hadharani, Adebayor akaanzia benchi katika mchezo wa kwanza dhidi ya Congo ya Kinshasa, na Togo ikafungwa michezo yote mitatu. Hapa sitamtetea. Kocha anayeshindwa kuishi na mshambuliaji wake mmoja wa maana, miezi mitano kabla ya Kombe la Dunia, amekosea hesabu. Hata hivyo kosa hilo halikustahili malipo aliyolipwa: aliondolewa, akaletwa Mjerumani Otto Pfister, na yule aliyeifikisha Togo Ujerumani akaitazama ikicheza akiwa nje. Togo ilifungwa tena michezo yote mitatu. Na kabla ya mchezo wa kwanza, katika ugomvi wa wachezaji na shirikisho juu ya posho, Pfister mwenyewe aliondoka kambini kisha akarudi. Ugomvi huo ndio aina ya ugomvi ambao Keshi alikuwa ameuzoea tangu akiwa na miaka ishirini na kitu.

Kuhusu Mali, timu ya taifa aliyoinoa baada ya Togo, nitapita haraka. Alikuwa na Seydou Keita, Frédéric Kanouté na Mahamadou Diarra, kikosi ambacho kwenye karatasi kilitosha kutwaa kombe, na akatolewa katika makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Angola mwaka 2010. Kinachokumbukwa ni mchezo wa ufunguzi mjini Luanda, ambapo Mali ilikuwa nyuma 4-0 hadi dakika ya 79 na mchezo ukaisha 4-4. Wapo wanaousimulia mchezo huo kama ushujaa. Mimi nauona kama ushahidi wa timu iliyocheza dakika kumi na tano tu kati ya tisini, na pointi mbili ilizozipoteza siku hiyo ndizo zilizoitoa mwishoni.

Novemba 2011 Nigeria ikamwita. Ilikuwa imeshindwa kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2012 chini ya Siasia, na nchi nzima ilikuwa na hasira. Mchezo wa kwanza wa mashindano chini yake ulichezwa Kigali, Februari 2012, dhidi ya Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, nao ulikwisha kwa suluhu. Hapakuwa na dalili yoyote ya kitakachotokea mwaka mmoja baadaye.

Alichofanya kabla ya mashindano ya 2013 ndicho kinachonifanya nimheshimu kama kocha. Aliwaacha wachezaji wenye majina, akiwemo Peter Odemwingie, aliyelalamika kwa uchungu mitandaoni, na Obafemi Martins, yule yule shujaa wa Kasarani ya 2009. Badala yao akachukua wachezaji sita wa ligi ya ndani, akiwemo beki Godfrey Oboabona na kiungo Sunday Mba. Wakati huo katika soka la Nigeria mchezaji wa ndani aliitwa kambini ili kujaza idadi ya mazoezi, kisha ndege kutoka Ulaya zikitua anarudi kwao. Keshi, mtu yule yule aliyefungua njia ya kwenda Ulaya, ndiye aliyesema kwa vitendo kwamba si lazima uende Ulaya ndipo uonekane.

Mashindano yalianza vibaya. Burkina Faso ilisawazisha katika dakika za majeruhi, 1-1. Zambia, mabingwa watetezi, ikasawazisha kwa penalti iliyopigwa na mlinda mlango wake, Kennedy Mweene, 1-1. Dhidi ya Ethiopia ikabidi kusubiri dakika kumi za mwisho ili Victor Moses afunge penalti mbili. Robo fainali ikawa dhidi ya Ivory Coast ya Didier Drogba na Yaya Touré, na hakuna aliyewapa nafasi. Habari zilizoenea wakati ule zilisema kwamba mipango ya safari ya kuirudisha timu nyumbani ilikuwa imekwishafanywa kabla ya mchezo. Emenike akafunga kwa mpira wa adhabu, Tioté akasawazisha, na dakika ya 78 Sunday Mba akatoka na mpira kutoka katikati ya uwanja, akapiga, mpira ukamgusa beki, ukaingia. Katika nusu fainali wakaifunga Mali 4-1, na tarehe 10 Februari 2013, kwenye uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Mba huyo huyo akafunga bao pekee dhidi ya Burkina Faso.

Sasa tazameni nani aliyelibeba kombe. Nahodha wa siku nyingi, Joseph Yobo, alikuwa amekaa benchi karibu mashindano yote, kwa sababu Keshi aliwaamini vijana Oboabona na Kenneth Omeruo. Dakika za mwisho kabisa za fainali Keshi akamwingiza Yobo, na kombe likaenda mikononi mwake. Sijasoma popote Keshi akieleza kwa nini alifanya hivyo, wala sidhani kama maelezo yanahitajika kwa aliyekuwa na kumbukumbu ya Tunis ya 1994.

Siku iliyofuata, nchi ikiwa bado inacheza ngoma mitaani, Keshi alikwenda kwenye redio moja ya Afrika Kusini akatangaza kwamba amejiuzulu. Nilidhani ni uzushi. Ilibidi waziri wa michezo wa Nigeria aingilie ndipo akaiondoa kauli hiyo kesho yake. Sababu ilikuwa kutoheshimiwa: alikuwa amepata taarifa kwamba kabla ya mchezo wa Ivory Coast, mipango ya kumbadilisha ilikuwa mezani. Wapo waliomwona mwenye kiburi. Mimi namwona nahodha aliyechagua siku ambayo hakuna anayeweza kumpuuza, akasema aliyokuwa akiyasema tangu 1985.

Nijibu maswali mawili kabla ya kuendelea.

Mdau aliyeuliza ni wangapi wametwaa kombe hilo kama mchezaji na baadaye kama kocha: ni wawili. Wa kwanza ni Mahmoud El-Gohary wa Misri, aliyelitwaa kama mchezaji mwaka 1959 na kama kocha mwaka 1998, na wa pili ni Keshi. El-Gohary ni mada inayostahili uzi wake, kwa hiyo sitamgusa zaidi.

Mdau mwingine ameandika kwamba Keshi alikuwa mhamasishaji tu, asiye na mbinu, na kwamba bahati ya mpira kumgusa beki isigeuzwe kuwa falsafa. Hoja hiyo ina uzito na siikatai yote. Kuna mchezo ambao unaiunga mkono kuliko wote, nao ulichezwa dhidi ya jirani zetu. Machi 2013, wiki sita tu baada ya Soccer City, Harambee Stars walikwenda Calabar katika kufuzu Kombe la Dunia, Francis Kahata akawafungia kwa mpira wa adhabu, na mabingwa wa Afrika wakahangaika mchezo mzima hadi Nnamdi Oduamadi aliposawazisha katika dakika za majeruhi. Timu ile haikuwa na wazo la pili pale wazo la kwanza lilipokwama. Miezi mitatu baadaye walikuja Kasarani wakashinda 1-0 kwa bao la Ahmed Musa, dakika za mwisho tena. Lakini kujenga safu ya ulinzi ya vijana wawili wasiojulikana, kumweka John Obi Mikel mahali panapomfaa na kumwachia Moses upande wake hadi mwisho ni maamuzi ya kocha, wala hayaletwi na hotuba chumbani.

Naendelea.

Mwaka 2013 haukuisha bila posho. Wachezaji walichelewa kuondoka kwenda Kombe la Mabara nchini Brazil kwa sababu ya mgogoro wa malipo, na Keshi mwenyewe aliripotiwa kudai mishahara ya miezi kadhaa. Katika mazingira hayo aliishinda Ethiopia nyumbani na ugenini katika mchujo wa mwisho, na Nigeria ikafuzu Kombe la Dunia la 2014. Safari hii hakuna aliyepewa kiti chake. Kwa mtu aliyeondolewa pamoja na Amodu mwaka 2002 na kuondolewa peke yake mwaka 2006, kule kusimama tu kando ya uwanja wa Curitiba Juni 2014 kulikuwa deni lililolipwa.

Mchezo wenyewe wa Curitiba, suluhu na Iran, ulikuwa mbaya kiasi kwamba sitausimulia. Kisha wakaifunga Bosnia 1-0, na mfungaji alikuwa Odemwingie, yule aliyeachwa mwaka uliotangulia na ambaye sasa alikuwa amerudishwa. Kocha mwenye kinyongo asingemwita. Walifungwa 3-2 na Argentina, Musa akifunga mawili siku ambayo Messi naye alifunga mawili, na wakaingia hatua ya mtoano. Kabla ya hapo timu za Afrika zilizofika hatua hiyo zote ziliongozwa na makocha kutoka nje ya bara, kuanzia Morocco ya 1986 hadi Ghana ya 2010. Keshi alikuwa Mwafrika wa kwanza. Dhidi ya Ufaransa mjini Brasilia walicheza vizuri hadi Ogenyi Onazi alipoumizwa na kutolewa, Paul Pogba akafunga kwa kichwa dakika ya 79, na bao la pili Yobo, yule yule wa Soccer City, akajifunga mwenyewe katika dakika za majeruhi.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha, na sehemu ya lawama ni yake. Mkataba ulikwisha, akarudi bila mkataba mpya, na mabingwa watetezi wakaanza safari ya mashindano ya 2015 kwa kufungwa nyumbani na Congo 3-2, kisha wakafungwa na Sudan mjini Khartoum. Oktoba 2014 waliifunga Sudan 3-1 mjini Abuja na kesho yake Keshi akafukuzwa. Ndiyo, baada ya ushindi. Wiki chache baadaye akarudishwa kwa michezo miwili iliyobaki, akashinda wa kwanza, akatoka sare ya 2-2 na Afrika Kusini mjini Uyo, na Nigeria ikabaki nyumbani. Aprili 2015 akapewa mkataba wa miaka miwili. Julai 2015 ukavunjwa, kukiwa na madai kwamba aliomba kazi ya Ivory Coast, madai ambayo aliyakana.

Mchezo wa kwanza wa Nigeria baada yake ulichezwa Dar es Salaam, tarehe 5 Septemba 2015. Nilikuwa jukwaani siku hiyo. Benchi la wageni alikaa Sunday Oliseh, aliyekuwa mmoja wa wale vijana wa Liège. Benchi la Taifa Stars alikaa Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga, aliyekabidhiwa timu baada ya Mholanzi Mart Nooij kuondolewa. Wachezaji wawili wa zamani, wazawa wawili, na mchezo ukaisha suluhu ambayo sisi tuliishangilia kama ushindi.

Ndipo nirudi kwa Amunike niliyewaomba mumweke kando. Mfungaji wa mabao mawili ya Tunis alikuja kuinoa Taifa Stars mwaka 2018, na Machi 2019, kwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda, akatupeleka katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39 ya kulisikia redioni. Mashindano yalifanyika Misri. Tukafungwa michezo yote mitatu, na Julai akaondolewa. Linganisheni na Togo ya Keshi: aliivusha timu isiyotarajiwa, akaenda nayo Misri, akapoteza michezo mitatu, akaonyeshwa mlango. Tofauti ni kwamba Amunike kwetu alikuwa mgeni, jambo linaloniambia kwamba kwa mashirikisho yetu ugeni wa Mwafrika hauhesabiki kuwa ugeni.

Keshi aliwahi kulisema hilo mwaka 2013 kwa ukali uliowaudhi wengi: kwamba makocha weupe wengi huja Afrika kwa ajili ya fedha, na kwamba Mzungu akiajiriwa husemwa apewe muda wa kuzoea mazingira, ilhali Mwafrika hutakiwa kushinda kila mchezo kuanzia siku ya kwanza. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo naiona si ya haki, maana Westerhof aliishi na timu ile miaka mitano na ndiye aliyempa Keshi kombe lake la kwanza. Sehemu ya pili, kila aliyefuatilia orodha ya makocha wa timu yake ya taifa ataihukumu mwenyewe.

Desemba 2015 alifiwa na mkewe, Kate, aliyeugua saratani kwa muda mrefu. Tarehe 7 Juni 2016 Keshi mwenyewe alifariki dunia ghafla mjini Benin City, mji uleule wa New Nigerian Bank, akiwa na miaka 54. Siku tatu baadaye, tarehe 10 Juni, akafariki Amodu.

Jimbo la Delta liliupa jina lake uwanja wa Asaba, mji mkuu wa jimbo hilo. Mashindano makubwa ya bara zima yaliyofanyika humo Agosti 2018, uwanja ukiwa bado unanukia rangi, yalikuwa ya riadha.